Skuli Kali Si Lazima Iwe Skuli Bora: Mama, Uliza Sababu



Leo hatuna gauni jipya la kuwaonyesha wala mchoro mpya wa hina. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na neno moja ambalo wazazi wengi wamelipenda kupita kiasi: "skuli kali."

Waulize wanawake wa visiwani kwa nini wanasomesha watoto Arusha. Watakwambia hewa ya Mlima Meru ni nzuri, Kiingereza kinafundishwa mapema, halafu watamalizia kwa fahari, "na skuli za kule ni kali." Wengine hawajahamia huku kibiashara kama sisi. Wanampandisha mtoto boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la siku nzima mpaka Arusha, wanamwacha bwenini na kurudi nyumbani roho imetulia. Akiulizwa mtoto yuko wapi, mama anajibu, "Yuko skuli kali," na kila mtu anaitikia mashaallah.

Sisi tunasema hivi: ukali peke yake si sifa. Sheria isiyo na sababu, isiyo na mpaka, na isiyo na mtu wa kumuuliza haimfundishi mtoto adabu. Inamfundisha woga. Na mtoto wa kike aliyefundishwa woga tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, mwisho anafika kwetu sisi mafundi, kuja kupimwa gauni la harusi. Tukimuuliza, "Linakubana hapa?" anamtazama mama yake kwanza kabla ya kujibu. Gauni ni lake, mbavu ni zake, lakini hana uhakika kama anaruhusiwa kusema linambana.

Kwa hiyo msifikiri habari ya skuli haiwahusu maharusi. Inawahusu sana, na tutafika huko.

Kwanza tuelewane

Hatupingi sheria za skuli. Sisi ni wafanyabiashara, tunajua kazi bila utaratibu haiendi. Skuli ikisema mtoto asije na simu, tunaunga mkono kwa mikono miwili. Ikisema geti linafungwa saa fulani, sawa. Ikisema mgeni asimchukue mtoto mpaka jina lake liwe limeandikwa ofisini, tunasema Allah awajaalie kheri, kwa sababu sheria hiyo inamlinda mtoto wetu.

Wala hatuwatukani walimu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni, mshahara mdogo na wazazi wasiofika mikutanoni, ana mzigo mzito. Tunajua pia kwamba wapo wazazi wanaomlea mtoto bila mpaka wowote nyumbani, kisha wanataka mwalimu amnyooshe kwa muhula mmoja.

Ugomvi wetu ni na zile sheria ambazo ukiuliza "kwa nini?", jibu ni moja tu: "Ndiyo sheria ya skuli. Kama huipendi, skuli ziko nyingi."

Habari ya sweta

Arusha si Unguja. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Meru unaotutazama kila asubuhi unapita mita 4,500. Mwezi wa Juni na Julai baridi hapa si mchezo. Ukungu unashuka mpaka Sakina na Ngaramtoni, na mtoto anayesubiri gari la skuli alfajiri anatoa moshi mdomoni kama anavuta sigara.

Sasa iko skuli moja ya binafsi, hatutaitaja jina, ambayo baadhi yetu tuna mabinti pale. Sheria yake inasema sketi iishie magotini, soksi ziwe fupi, na chini ya sketi pasivaliwe suruali wala taiti. Ndani ya shati pasivaliwe mikono mirefu. Na sweta ni lile linalouzwa stoo ya skuli tu. Ukishona au ukifuma kwingine, hata rangi ikifanana vipi, ni kosa.

Sisi ni mafundi. Tulilishika lile sweta, tukalivuta, tukaliangalia kwenye mwanga. Ni jepesi, unaona upande wa pili. Tukafuma mengine ya rangi ileile na nembo ileile mahali palepale, mazito zaidi na kwa bei ndogo zaidi. Tukawashonea mabinti taiti za rangi ya sketi, nene, za heshima, ambazo kwa mbali huwezi kujua kama ni soksi ndefu. Mabinti walivuliwa vyote getini. Mmoja wao, mwenye miaka kumi na moja, alipigishwa magoti kwenye kokoto mpaka wenzake walipomaliza kukaa mstarini, magoti wazi, katika baridi ya Julai. Kosa lake lilikuwa kusema, "Mama yangu ndiye aliyenivalisha."

Tulikwenda watano. Tulipokewa kwa adabu, tukapewa na viti. Tukaomba kuonyeshwa sheria yenyewe kwa maandishi. Tukaonyeshwa fomu ya kujiunga ambayo sote tulisaini, yenye mstari unaosema mzazi amekubali kufuata sheria zote za skuli. Tukauliza, hizo sheria zote ziko wapi? Hazikuwepo. Hazijawahi kuambatanishwa na ile fomu. Hebu fikirini, mteja aje dukani kwetu, tumwambie asaini oda na alipe pesa yote, lakini gauni hatumwonyeshi wala hatumwambii ni la mtindo gani, na likija limekosewa tumwambie alishasaini. Si angetuita wezi?

Hebu tuipime sheria hiyo kama watu wazima. Sare ni ya nini? Ni ili mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakae dawati moja bila kutambuana kwa nguo, na ili mtoto ajulikane ni wa skuli gani akiwa barabarani. Hizo ni sababu njema. Je, taiti ya rangi ya sketi inaharibu lolote katika hayo? Haiharibu. Je, sweta zito lenye nembo ileile linaharibu? Haliharibu. Katika mji huuhuu, kwenye skuli za Serikali, mabinti wa Kiislamu wanavaa ushungi mweupe na sketi ndefu, wanakaa darasani na kufanya mitihani ileile ya taifa. Ushungi haukumzuia yeyote kujua hesabu.

Basi sheria inamlinda nani? Tukiitazama kwa jicho la biashara tunaona inalinda stoo ya skuli. Biashara si haramu, lakini iitwe biashara. Isivalishwe joho la nidhamu halafu mtoto apigishwe magoti kwa ajili yake.

Na nywele ni hivyohivyo. Skuli nyingi huku zinataka mabinti wakate nywele ziwe fupi, na sababu zinazotajwa ni usafi, muda na usawa. Unaweza kukubali au kukataa, lakini angalau kuna sababu ya kujadili. Pale binti anapovuliwa ushungi mbele ya wavulana ili nywele zikaguliwe, hakuna tena cha kujadili. Mwalimu wa kike yupo, chumba kipo, mlango upo. Usafi haudai binti afedheheshwe.

Bakora: sheria ya nchi inasema nini

Mama wengi wanadhani mwalimu akishapewa mtoto, amepewa na ngozi yake. Sivyo. Na tunaomba mlijue hili vizuri, maana ukienda ofisini bila kujua unarudishwa kwa maneno mawili.

Kwa Tanzania Bara, adhabu ya viboko katika skuli ina kanuni zake, za mwaka 2002. Kanuni hizo hazikufuta bakora, na sisi tungependa zingefuta. Lakini ziliiwekea mipaka ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia. Bakora ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, si kwa kila kitu. Lazima itazamwe uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Zisizidi nne. Anayeruhusiwa kupiga ni mkuu wa skuli, au mwalimu aliyepewa ruhusa ya maandishi na mkuu, kila mara inapotokea. Mtoto wa kike apigwe na mwalimu wa kike, isipokuwa skuli haina mwalimu wa kike kabisa. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya bakora na nani alimpiga.

Sasa jiulizeni, mama zetu. Kuchelewa dakika tano kwa sababu daladala lilijaa ni kosa kubwa? Sweta ni kosa kubwa? Je, mliwahi kuliona hilo daftari? Kama mwalimu wa zamu anatembea na fimbo mkononi tangu getini, ruhusa ya maandishi ya kila mara iko wapi?

Juu ya kanuni hizo ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto, na inayosema hakuna kumrudi mtoto kunakokubalika ikiwa adhabu imepita kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Na upo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia. Ibara yake ya 11 inataka mtoto anayerudiwa na skuli au na mzazi atendewe kwa utu na kwa heshima. Ni ajabu kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeweka makao yake hapahapa Arusha tangu 2007. Majaji wanatoka nchi mbalimbali kuja kuzungumzia utu wa binadamu chini ya Meru, na watoto wetu wanapita na magari ya skuli wakienda kupigishwa magoti kwenye kokoto.

Msiseme tunakuza mambo. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa sekondari Mbeya akipigwa ngumi na mateke na walimu waliokuwa mafunzoni. Agosti 2018, katika Skuli ya Msingi Kibeta, Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kipigo, akituhumiwa kuchukua pochi ya mwalimu. Mwalimu alishtakiwa kwa mauaji. Mambo hayo hayaanzi kwa mauti. Yanaanza pale mtu mzima anapozoea kwamba akimpiga mtoto hakuna atakayemuuliza.

Na Serikali yenyewe imeona kwamba si kila ukali unafaa. Machi 2023 ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali mpaka darasa la nne, kwa sababu mtoto mdogo anahitaji malezi ya wazazi wake. Kumbe Serikali inaweza kumwambia mwenye skuli, hapa umezidi. Kwa nini mama aone aibu kusema hivyohivyo?

"Mbona sisi tulipigwa na tumekuwa watu?"

Hili ndilo jibu tunalopewa na mashoga zetu kila tukizungumza. Tunawajibu kwa upole: mmekuwa watu kwa rehema za Mola wenu, kwa dua za mama zenu na kwa walimu waliowafundisha kusoma. Hamkuwa watu kwa sababu ya fimbo. Walikuwepo wenzenu waliopigwa fimbo zilezile wakaacha skuli wasirudi tena. Hao hamuwahesabu, kwa sababu hawapo kwenye kikao cha kusema "tumekuwa watu."

Wengine wanatuletea dini. Wanataja ile hadithi ya sala, kwamba mtoto aamrishwe akiwa na miaka 7, na akifika 10 akiiacha apigwe. Tumeisikia, na tumewasikia masheikh wakiifafanua. Hesabuni wenyewe: kati ya saba na kumi ni miaka mitatu, na kila siku sala tano. Mzazi ameshamwita mtoto kwenye sala zaidi ya mara 5,000 kwa ulimi kabla mkono haujatajwa. Na hata hapo, wanavyuoni wameweka masharti: isiwe ya kuumiza, isiache alama, isiguse uso, kwa sababu Mtume wetu ﷺ amekataza kupiga uso. Hiyo ni kwa sala, nguzo ya dini. Nani aliyeipandisha sketi ya skuli ikawa juu ya sala, mtoto apigwe siku ya kwanza bila kufundishwa hata mara moja?

Na Anas bin Malik, Allah amridhie, aliyemtumikia Mtume ﷺ miaka kumi tangu utotoni, alisimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff". Nyumba ile haikukosa nidhamu. Ilikuwa na nidhamu kuliko nyumba zote, na Anas alitoka pale akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Anayetaka kutufundisha adabu kwa jina la dini, aanzie hapo.

Hata tukiacha dini, nchi hii ina historia yake. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Naye alikuwa mwalimu wa kazi, hakutaka watoto watukutu. Lakini alitaka skuli zijenge akili yenye kuuliza na kujiamini. Iweje mji uliolipa jina Azimio lile uwe mji wa kusifia skuli ambako kuuliza ni kosa?

Wenzetu wa Kenya waliuliza

Kutoka hapa mpaka mpakani Namanga si mbali, na majirani zetu wa ng'ambo wameshapita njia hii. Tunaweza kujifunza kwao.

Mabinti wa Kiislamu katika skuli moja ya sekondari Isiolo, skuli iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Shauri lilifika mahakamani, mzazi mmoja akasimama kuwatetea. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile. Wengi walilia wakisema hijabu imekataliwa. Lakini sababu kubwa ya kutengua ilikuwa utaratibu: dai la mzazi halikuwa limewasilishwa mahakamani kwa njia inayotakiwa.

Mama zetu, shikeni somo hilo. Haki yako inaweza kuanguka kwa sababu hukuidai kwa njia yake. Kupiga kelele getini, kumtukana mwalimu mbele ya watoto, kuandika matusi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hayo yote ni moto wa karatasi. Barua yenye tarehe, iliyopokelewa na kugongwa muhuri, ndiyo inayobaki.

Mwaka huohuo wa 2019, Nairobi, binti wa familia ya Kirasta alirudishwa nyumbani na skuli yake kwa sababu ya nywele alizozifuga kwa imani yao. Baba yake alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mahakama ikasema binti asifukuzwe kwa sababu hiyo. Yule si Muislamu, lakini mlango aliougonga ni uleule tutakaougonga sisi kesho. Haki ya mtoto wa mwenzako ikilindwa, ya mwanao imepata ukuta.

Sasa nyinyi maharusi

Mtatuuliza, yote haya na harusi yanahusiana wapi? Yanahusiana siku ya nikah.

Binti anaulizwa idhini yake. Tumefundishwa kwamba bikira akiona haya, kunyamaza kwake ni idhini. Ni rehema kubwa hiyo, kwamba dini imeijali haya ya binti. Lakini kunyamaza kwa haya na kunyamaza kwa woga ni vitu viwili. Wa haya ananyamaza huku moyo wake umeridhia, na angekuwa hataki angesema. Wa woga ananyamaza kwa sababu tangu ana miaka sita amezoea kwamba mtoto mzuri ni yule asiyejibu. Atanyamaza akiulizwa kama amemkubali mume. Atanyamaza akidaiwa mahari yake aisamehe. Atanyamaza akipigwa. Na tutakaa kwenye baraza tukisema, "Masikini, mbona hakusema?"

Hakusema kwa sababu hajawahi kufundishwa kusema. Somo anakuja kumfunda wiki moja kabla ya harusi. Wiki moja haiondoi miaka kumi na moja ya "funga mdomo."

Dini yetu haikutaka wanawake mabubu. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume ﷺ akasema, na ndoa ile ikavunjwa. Na Khawla bint Tha'laba alipodhulumiwa na mumewe, alikwenda kujadiliana na Mtume ﷺ mwenyewe, akamshitakia Mola wake, na Allah akateremsha aya kwa ajili yake. Sura ya 58 inaitwa Al-Mujadila, mwanamke mwenye kujadiliana. Jina la mjadala wa mwanamke liko ndani ya msahafu, halafu sisi tunaambiwa kumuuliza mkuu wa skuli kuhusu sweta ni kukosa adabu?

La kufanya

Kabla hujalipa ada, omba sheria za skuli kwa maandishi, zote, na adhabu ya kila kosa. Skuli inayojiamini itakupa. Ukiambiwa "utazijua mtoto akishaanza," funga pochi yako.

Kwa kila sheria, uliza mambo matatu. Sababu yake ni nini? Adhabu yake inaishia wapi? Nikiwa na tatizo nalo, namwona nani? Uliza pia kuhusu daftari la adhabu.

Likitokea tatizo, usiende peke yako na usiende na hasira. Nendeni wazazi watatu, wanne, na barua. Anzeni kwa mwalimu wa darasa na mkuu wa skuli. Skuli za msingi zina kamati, za sekondari zina bodi. Hazipo kwa ajili ya kuchangisha tu, pelekeni hoja huko. Msiposikilizwa, yupo afisa elimu wa kata, kisha wa halmashauri, na wapo wathibiti ubora wa skuli. Jueni skuli yenu iko halmashauri ipi, watu wengi hupotea hapa: Njiro ni Jiji la Arusha, Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na Tengeru na Usa River ni Halmashauri ya Meru.

Mtoto akiumizwa, mambo yanabadilika. Hapo si kikao tena. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto upate PF3, umpeleke hospitali, upige na picha za majeraha. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na nyumbani, mruhusu binti yako akuulize "kwa nini, mama?" Si kila mara utampa anachotaka. Lakini mpe sababu. Ukimzoesha kupata sababu kwako, atajua kuitafuta skuli, kazini na kwa mumewe, kwa sauti ya chini na maneno mazuri. Hiyo ndiyo adabu tunayoijua sisi.

Ile skuli ya sweta bado haijabadilisha sheria yake. Barua yetu ya kwanza ilipokelewa na haikujibiwa. Ya pili imekwenda kwa bodi, nakala kwa afisa elimu, na safari hii walisaini wazazi kumi na wanane, Waislamu na Wakristo, kwa sababu baridi ya Meru haiulizi dini. Ikitoka kwa bodi bila jibu, ya tatu iko tayari.

Nanyi huko mliko, Unguja, Pemba, Tanga au Muscat, msione haya kuandika ya kwenu. Kalamu ni halali kwa mama.

Allah awahifadhi watoto wetu, awape walimu wao subira na hekima, na atupe sisi ulimi wa haki usio na matusi. Amin.

Wassalaam alaykum.